Mshono ukienda upande, kikundi kisifumuke

Katika Jumba la Taifa la Sanaa la Australia, mjini Canberra, umehifadhiwa mfarishi wa viraka wenye madoa madogo ya damu. Ni damu ya vidole vilivyochomwa na sindano mwaka 1841 ndani ya Rajah, meli iliyong’oa nanga Woolwich, Uingereza, tarehe 5 Aprili ikiwa imebeba wafungwa wanawake wapatao 180, ikafika Hobart, katika kisiwa ambacho leo ni Tasmania, tarehe 19 Julai. Chama cha akina mama kilichoanzishwa na Elizabeth Fry, mtetezi wa wafungwa, kiliwapa sindano, nyuzi, mikasi na mabaki ya vitambaa ili wasikae bure safarini. Chini ya uangalizi wa mlezi wao, Kezia Hayter, baadhi yao waliunga vipande 2,815 vikawa nguo moja yenye upana wa zaidi ya mita tatu.

Nguo hiyo inaonyesha mikono mingi. Pana mishono midogo iliyonyooka, kazi ya mtu aliyezoea sindano tangu utotoni. Kando yake pana mishono ya mtu ambaye hakika alikuwa bado anajifunza, na meli yenyewe ikiyumba. Mishono hiyo ya mwanafunzi ingali pale pale, haikufumuliwa. Wanawake hao walidarizi maneno ya shukrani kwa waliowapa vifaa, wakaukabidhi mfarishi wao ukiwa na uzuri na kasoro zake pamoja. Baadaye haukujulikana ulipo kwa muda mrefu, hadi ulipopatikana Uskochi katika miaka ya 1980 na kurudishwa Australia.

Nimeanza na wafungwa wa Rajah kwa sababu swali la makala hii waliishi nalo wao, katika mazingira magumu kuliko yetu: kazi ya kushona kwa pamoja ikiharibika, kikundi kinabakije na moyo? Ushauri wa kawaida ni kuambiana tujipe moyo, tusikate tamaa, yatapita. Maneno hayo ni mema, ila peke yake hayaungi kitambaa. Imani yangu ni kwamba moyo wa kikundi cha washonaji hutunzwa kwa mikono: kwa kujua kipi kifumuliwe na kipi kiachwe, na kwa namna mwenye mshono mbaya anavyoulizwa.

Mfarishi wa viraka una tabaka tatu. Juu ni viraka vilivyoungwa, katikati ni pamba au blanketi la zamani, chini ni bitana. Kisha zote tatu hushikizwa kwa mishono inayopenya hadi upande wa pili. Huku kwetu, mahali penye mafundi wengi wa vitenge hapakosi mabaki, na wapo akina mama wanaoyaokota, wakayachambua kwa rangi na kushona matandiko, mikoba na foronya za makochi. Utamu wa kazi hii ni kwamba inagawanyika. Kila mmoja huchukua mraba wake, akaushona nyumbani baada ya watoto kulala, halafu siku ya kuunga mnakutana. Siku hiyo ya kuunga ndiyo siku ya ukweli.

Inchi nne zilizopotea

Tufanye hesabu. Kikundi kimekubaliana kwamba kila mraba uletwe ukiwa na inchi 12 na nusu, ili ukishaungwa ubaki inchi 12 kamili. Kila mraba una vipande tisa, yaani safu tatu za vipande vitatu vitatu, na upana wa mshono ni robo inchi. Mwenzenu mmoja, ambaye mguu wa cherehani yake ni mpana kuliko wa wengine, anashona robo na nusu ya robo. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Lakini mshono hula kitambaa pande zote mbili, kwa hiyo kila mshono wake unameza robo inchi zaidi. Kwa upana mraba una mishono miwili ya ndani: nusu inchi imekwenda. Ikiwa safu nzima ya miraba minane ni ya kwake, safu hiyo itafika kikaoni ikiwa pungufu kwa inchi nne.

Hakuna mzembe katika hesabu hiyo, na hakuna asiyejua kushona. Ni kosa lililozaliwa kabla uzi haujapita tunduni, pale kikundi kiliposema “robo inchi” kikaamini kwamba kila mtu amesikia kitu kimoja. Futi za plastiki za kupimia nazo hulegea zikizeeka, na hazilegei sawasawa. Kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika mkononi, kikaongezeka bila mwenyewe kukusudia. Mwingine hupiga pasi kwa kusukuma badala ya kukandamiza, mraba ukaenda upande.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwondolea mtu aibu ni kulijua kosa lenyewe. Kikundi kinachojua kwamba inchi nne zinaweza kupotea kwa upana wa mguu wa cherehani hakina haja ya kumtafuta mwovu. Kisichojua kitasema fulani hakuwa makini, na fulani ataondoka.

Dawa zipo, na si ngumu. Kabla ya kuunga chochote, tandazeni miraba yote sakafuni au kitandani, muione ikiwa pamoja. Tofauti ikiwa ndogo, cherehani yenyewe itasaidia: kipande kirefu kiwekwe chini, upande wa meno, kifupi kiwe juu, pini zikitiwa mwanzoni, katikati na mwishoni, meno yatakivuta cha chini polepole hadi viende sawa. Tofauti ikiwa kubwa, mraba mdogo uzungushiwe mkanda wa kitambaa cha rangi moja hadi ufikie kipimo. Au, na hii ndiyo njia niipendayo, wekeni mikanda ya kutenganisha kati ya miraba yote. Mkanda huo hubeba upungufu wa huyu na ziada ya yule, na jicho la mtazamaji hutulia juu yake. Washonaji wengi wa mifarishi huupanga tangu mwanzo kwa sababu hiyo hiyo: wanajua mikono ni mingi na haitalingana. Nauona mpango huo kuwa heshima. Unamwambia mwenzako kabla hajashika sindano kwamba nafasi yake ipo hata mkono ukitetemeka.

Kuna balaa jingine ambalo kila aliyewahi kufua kanga mpya analijua. Mfarishi umekamilika, unafuliwa mara ya kwanza, na wekundu wa kipande kimoja umechuja ukaingia katika mraba mweupe wa mwenzio. Hapo watu huweza kulia, na wana haki. Msiuanike juani na msiupige pasi, kwa maana rangi ikikaukia ndani itashika zaidi. Urudishwe majini papo hapo, maji mengi yenye sabuni, yakibadilishwa kila yakigeuka rangi, hadi yatoke meupe. Mara nyingi doa hupungua sana. Na safari nyingine, kila kitambaa kilowekwe kabla ya kukatwa, hasa chekundu na cha buluu iliyokolea, kisha kikandamizwe juu ya tambara jeupe ili kionekane kinachuja au la.

Neno la kwanza sakafuni

Vitambaa nimevimaliza, nirudi kwa watu, maana huko ndiko kazi nyingi hufia. Miraba ikishatandazwa na kasoro ikaonekana, kimya huingia. Neno la kwanza litakalovunja kimya hicho ndilo litakaloamua kama mfarishi utakwisha. Mmoja akisema, “Hiki nani kashona?” kila mtu anaanza kutafuta kipande chake ili ajitenge na lawama. Mama mtu mzima akisema, “Jamani, safu hii imepungua inchi nne, tuzipate wapi?” kila mtu anaanza kutafuta kitambaa. Sauti zote mbili zimeona kosa lile lile. Ya pili haikuficha kitu wala haikupaka sukari. Imelitaja kwa kipimo, ikamwacha mtu salama. Ndiyo maana naona kila kikundi kimpe mapema mtu mmoja mwenye busara ruhusa ya kuzungumza kwanza siku ya kuunga.

Kuna tabia mbili ambazo huonekana kuwa wema, na mimi nazikataa. Ya kwanza ni kumwambia mtu “si kitu” pale pale, kabla hajapumua. Mwanamke aliyeshona usiku kwa wiki nyingi, kwa taa hafifu, akakuta rangi imechuja juu ya kazi yake, amepoteza kitu. Mwacheni aseme kwamba ameumia. Mkinyamaza naye kidogo, yeye mwenyewe ndiye atakayeuliza wembe uko wapi aanze kufumua. Ya pili ni kuuchukua mraba wa mwenzako, kuufumua usiku bila yeye kujua na kuushona upya vizuri zaidi. Hiyo ni dhuluma, hata kama mshono mpya umenyooka. Siku ya kukabidhi kazi atautazama mraba wake asiutambue, na hataweza kulalamika bila kuonekana hana shukrani. Kama ni lazima ufumuliwe, na ufumuliwe mbele yake, kwa mkono wake kama anaweza, jirani akimshikia kitambaa.

Yupo pia yule asiyeleta mraba kabisa. Amehama, ameuguliwa, au ameona haya kwa sababu hakumaliza. Simu ya kumuuliza hali yake itangulie ile ya kumuuliza kazi. Miraba miwili mitatu ya akiba, iliyokatwa tangu mwanzo, huondoa ugomvi mkubwa kwa gharama ya mabaki tu.

Alabama: kazi iliyoharibika kwa mengi

Washonaji walioandamwa na mikosi kuliko wengi ninaowafahamu ni wanawake Weusi wa wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama, Marekani. Kijiji chao mashuhuri zaidi, Gee’s Bend, kimekaa katika kona ya mto Alabama, na wengi wa wakazi wake ni wazao wa watumwa wa shamba la Pettway, ndiyo maana jina hilo la ukoo limejaa kijijini. Walishona mifarishi kwa ajili ya baridi, kwa maovaroli yaliyochakaa na magunia ya unga. Mwaka 1962, watu Weusi walipoanza kuvuka mto kwenda Camden kudai haki ya kujiandikisha kupiga kura, kivuko kilisitishwa. Safari ya dakika chache ikawa ya saa nzima na zaidi kwa barabara. Kivuko hicho kilirudi mwaka 2006.

Desemba 1965 kasisi wa Kianglikana, Francis X. Walter, alipita katika wilaya hiyo akaona mifarishi imeanikwa kwenye kamba. Ikaanza kupelekwa New York kuuzwa kwa mnada, na Machi 1966 wanawake wakaunda ushirika wao, Freedom Quilting Bee, ambao Estelle Witherspoon aliuongoza kwa miaka mingi. Fedha zilianza kuingia mikononi mwa wanawake ambao waliwahi kuishi kwa jembe la mashamba ya watu wengine.

Pamoja na fedha ulikuja ugumu ambao hawakuuzoea. Maduka makubwa kama Bloomingdale’s yalitaka mifarishi inayofanana: mtindo uliochaguliwa, rangi zilizopangwa, vipimo visivyobadilika. Mtu aliyejifunza kwa mama yake kukata kwa jicho, akigeuza mpango katikati ya kazi kwa sababu suruali ya buluu imekwisha na iliyobaki ni ya kahawia, sasa aliambiwa mraba wa kumi ufanane na wa kwanza. Kazi isiyolingana haikuuzika. Huo ni msiba wa kweli kwa fundi, kwa sababu kilichokataliwa ni kitu chenyewe alichosifiwa nacho kwao.

Wakati huo huo, familia zilikuwa zikifukuzwa katika nyumba za wenye mashamba kwa kosa la kujiandikisha kupiga kura. Ushirika ulinunua ardhi, ekari 23, ukajenga jengo la kushonea lililopewa jina la Martin Luther King, na sehemu ya viwanja ukaziuzia familia zilizofukuzwa. Hapo ndipo ninapouona moyo ninaouzungumzia. Kushona kwao kuligeuka kuwa mahali pa kusimama, na watu hawakususa ushirika kwa sababu ya ubishi wa vipimo wakati jirani hana paa.

Mwaka 1972 ulikuja mkataba wa kampuni ya Sears wa kushona foronya za koduroi, kile kitambaa kizito chenye mistari ya manyoya. Ni kazi ya kurudia kitu kile kile, siku baada ya siku. Lakini mabaki ya koduroi, mekundu, ya dhahabu, ya kijani cha parachichi, yalifika majumbani. Huko, bila mnunuzi wala kipimo cha mtu, wanawake wa Gee’s Bend waliyashona kwa jicho lao wenyewe. Koduroi ni ngumu kukatwa vipande vidogo, kwa hiyo walikata vikubwa, mistari ikielekea huku na kule, na mwanga ukacheza juu yake. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji hicho, ya koduroi ikiwamo, ilionyeshwa Houston na kisha katika makumbusho ya Whitney, New York. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu zenye picha za mifarishi hiyo. Kitambaa kilichokuja na kazi ya kuchosha ndicho kilichozaa baadhi ya kazi zilizopendwa kuliko zote.

Sitaki kuifanya hadithi hiyo kuwa tamu kuliko ilivyo. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani kudai haki zao juu ya mauzo na matumizi ya kazi zao, na kesi zilimalizwa mwaka 2008. Ushirika nao ulifungwa mwaka 2012, waanzilishi wengi wakiwa wamekwisha kufariki. Kujipa moyo hakukuwa kukubali kila kitu. Jamii ile ile ya washonaji iliyovumilia mshono uliokataliwa haikuvumilia dhana ya kudhulumiwa, na kikundi chochote kinachoambiwa “tuwe na mtazamo mzuri” wakati fedha hazijulikani ziliko kina haki ya kudai daftari lifunguliwe.

Mfarishi wenye nafasi ya kila mtu

Kazi kubwa kuliko zote za aina hii ilianzia San Francisco. Usiku wa tarehe 27 Novemba 1985, katika maandamano ya mishumaa ya kuwakumbuka viongozi wawili wa jiji waliouawa mwaka 1978, mwanaharakati Cleve Jones aliwaomba watu waandike kwenye makaratasi majina ya wapendwa wao waliokufa kwa UKIMWI. Makaratasi yalibandikwa ukutani kwenye jengo la serikali, na alipoyatazama akaona mfarishi wa viraka. Tarehe 11 Oktoba 1987 Mfarishi wa Kumbukumbu ya UKIMWI ulitandazwa Washington ukiwa na vipande 1,920. Leo una takriban vipande 50,000, na uzito wake ni tani 54. Msomaji wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, hahitaji kuelezwa kwa nini watu walitaka jina la mtu wao lionekane.

Fikiria jinsi kazi hiyo ingeweza kuvurugika. Washonaji ni maelfu, wengi hawajawahi kushona, wote wamefiwa. Wanaleta suruali za jinzi, picha, wanasesere, vitu vilivyogandishwa kwa gundi. Utaratibu uliochaguliwa ulikuwa mwepesi: kila jina lipate kipande cha futi 3 kwa 6, ukubwa unaokaribia kaburi, na vipande vinane viungwe kuwa mraba wa futi 12. Ndani ya futi hizo 18 za mraba, fanya uwezalo. Mshono wako ukiwa wa fundi au wa mtu aliyeshika sindano kwa mara ya kwanza kwa sababu mwanawe amekufa, nafasi ni ile ile. Na kwa kuwa gundi hukauka na uzi huchakaa, wapo watunzaji ambao miaka yote hii wanatengeneza vipande vinavyoachia, bila kubadili alichokusudia aliyeshona. Mfarishi huo, uliokuwa umehamishiwa kwingine, ulirudi San Francisco mwaka 2020 na matengenezo yanaendelea.

Basi kama kikundi chenu kina mfarishi uliokunjwa kabatini kwa sababu safu moja ilikataa, au kwa sababu rangi ilichuja na watu wakaacha kupigiana simu, utoeni. Itisheni kikao, chai iwepo, utandazwe sakafuni kama ulivyo. Aliyeshona safu ile aalikwe kwanza, na apigiwe simu na mtu anayempenda. Pimeni upungufu kwa kutumia futi moja ile ile ya kupimia, kateni mikanda ya kutenganisha kwa kitambaa cha rangi moja, na kazi ikianza tena kila mmoja apewe kigezo chake cha karatasi ngumu kilichokatwa na mkono mmoja. Mtakapomaliza, darizini majina yote pembeni, likiwamo la yule ambaye mraba wake haukufika.